Kuni Ulizoziacha Pangoni

Kwa baba yangu mpendwa, uliye kwenye kambi ya reli,

Shikamoo baba. Karani atakayekusomea barua hii asome kwa sauti, wenzako nao wasikie. Haina siri.

Unakumbuka siku mvua ilipotukuta na mbuzi, tukakimbilia lile pango la michoro? Ulinionyesha watu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, ukasema, "Yule mwenye nywele nyingi ni shangazi yako, amekuja kuomba chumvi." Nilicheka mpaka mbuzi wakashtuka. Tuliota moto kwa kuni kavu tulizozikuta humo, na mvua ilipokatika ulikataa tuondoke kabla ya kuokota nyingine na kuzisimamisha ukutani zikauke. "Umeota moto wa mtu," ulisema, "na wewe mwachie mwenzio."

Asubuhi ya siku uliyoondoka kwenda relini ulipitia pale ukaacha mzigo mzima wa kuni. Ukaniambia huo utauwasha mwenyewe ukirudi.

Sasa baba, amekuja Mjerumani mmoja anayetafuta vitu vya watu wa kale. Mwalimu wetu wa misheni alitupeleka kumtazama akichimba pangoni. Nilimkuta mpagazi wake anafungua kamba ya mzigo wako, achemshe chai.

"Hizo zina mwenyewe," nikamwambia.

"Yuko wapi?"

"Relini."

Akacheka. "Reli imeshaipita Dodoma, binti, inakwenda Tabora. Baba yako kila siku yuko mbali zaidi. Hizi zitaliwa na mchwa!"

Nilizikalia. Akaenda kuokota nyingine, huku akiniita Bibi Kuni.

Baadaye tuliitwa kutazama shimo. Ubavu wake ulikuwa na mistari: majivu, udongo, majivu tena, kwenda chini kupita kimo changu. Humo mlikuwa na mawe madogo yaliyochongwa yakawa makali kama visu, mifupa iliyoungua, na shanga moja ya ganda la yai la mbuni. Mwalimu alitufasiria maneno ya Mjerumani: watu waliwasha moto hapa, wakaondoka, udongo ukafunika majivu, kisha watu wakaja tena wakawasha. Ni zamani sana, kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa.

Niliuliza kama waliorudi ni wale wale, au ni watoto wao. Mwalimu akasema hakuna ajuaye. Mimi nilimgeukia mpagazi.

"Umesikia? Watu hurudi."

Safari hii hakucheka. "Haya, Bibi Kuni," akasema.

Walipohama nilikwenda kuangalia mzigo wako. Haukuguswa. Kando yake palikuwa na mwingine, mdogo, umefungwa ovyo kama kazi ya mtu mwenye haraka. Yule mpagazi naye ana kwao, nadhani, na kuna anayemngoja.

Mama hajambo, mbuzi wamezaa. Reli ikufikishe popote, baba, njia ya kurudi ni ile ile. Kuni zimekauka vizuri. Njoo uwashe.

Ni mimi binti yako, mlinzi wa kuni zako.