Samaki Uliosema Umewanusa

Saint-Josse, Aprili 1998

Papa wangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, nawe unanijua, hasira yangu haiondoki mpaka iseme. Jana tulikusomea dua ya arobaini. Pilau iliiva, watu walijaa mpaka kwenye ngazi, na mimi nikafanya jambo ambalo baba mdogo, nduguyo wa Koekelberg, anasema limekuaibisha. Nataka ulisikie kwangu kwanza.

Unakumbuka Jumapili yetu ya kwanza Ostend? Wewe, mtoto wa Buyenzi, uliyevua Tanganyika tangu hujaota meno ya pili, ulitua ndoo, viatu na kikapu cha chakula hatua mbili kutoka majini, kama ulivyozoea nyumbani, ambako ziwa hulala pale pale ulipoliacha. Hukujua kuwa bahari hujaa. Tulipogeuka, kiatu chako kimoja kilikuwa safarini kwenda Uingereza. Ulirudi Brussels umevaa soksi, ukiwakazia macho abiria wote wa treni kana kwamba wao ndio waliokosea. Nilicheka mpaka nikalia.

Tangu siku hiyo kazi ya kuijua bahari ikawa yangu. Wewe hukutaka kujifunza habari za kujaa na kupwa; ulisema maji ni maji. Mimi ndiye niliyesoma saa zake gazetini kila Jumamosi. Mimi ndiye niliyetangulia mchangani maji yakiwa yamepwa, baridi ya Machi inauma masikio, nikitafuta ule mfereji kati ya mafungu mawili ya mchanga, kwa sababu maji yakirudi samaki wakubwa hupita humo. Nikakuonyesha kwa kidole, ukarusha ndoano pale pale. Fimbo yako ya kuvulia ikapinda, na samaki wa kilo nne, tano, akalala mchangani.

Nyumbani ulisemaje? Ulikaa katikati ya wageni ukagusa pua. "Mimi samaki nazinusa," ulisema, watu wakacheka, na mimi nikapita na sahani. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa, papa, na aliyeviunda ni mimi. Nilinyamaza miaka yote hiyo kwa sababu nilipenda kukuona ukisifiwa, katika nchi ambayo kazini vijana walikuita kwa jina kama mwenzao. Hilo silijutii. Lakini fimbo hukuniruhusu kuirusha hata mara moja. Nilipoomba, ulisema mkono wa mwanamke ni mfupi, na huku nakuzidi kimo.

Wiki ya pili baada ya mazishi baba mdogo alikuja kuitaka. Alisema fimbo ni kitu cha ukoo na ukoo hushikwa na wanaume, kwa hiyo nimkabidhi siku ya arobaini mbele ya watu. Yeye ambaye hajawahi kulowesha hata kidole. Nilimjibu kwa heshima kwamba nitafikiri. Sikufikiri. Nilifungua gazeti nikatazama saa za maji.

Jana basi, siku ambayo binti wa marehemu anatakiwa kuwa jikoni tangu asubuhi, nilichukua fimbo yako niwahi treni ya kwanza. Maman alinikuta mlangoni navaa viatu vya mpira. Nilidhani atanizuia. Alisema tu, "Enda. Vitunguu nitakata mwenyewe."

Nilirusha vibaya, papa. Mara ya kwanza ile risasi ya kuzamishia ndoano ilianguka nyuma yangu. Mara ya pili mshipi ulijisokota, nikakaa chini kuufungua. Sijui ilikuwa mara ya ngapi mshipi ulipofika kwenye mfereji. Nikasubiri mpaka vidole vikafa ganzi, halafu samaki akavuta. Nilimpigania, nikirudi nyuma, nikimwachia mshipi na kumnyang'anya, nikikugombeza na kukuita kwa pamoja. Wimbi ndilo lililonisaidia kumtoa. Alikuwa mkubwa kuliko wote tuliowahi kuvua.

Nilifika dua haijaanza, nikamweka mezani. Baba mdogo alitabasamu, akawageukia watu. "Alors, munaona? Marehemu ametutumia samaki yake ya mwisho." Watu wakaitikia, wengine kwa machozi. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Wewe ungebaki mvuvi na mimi ningebaki na sahani zangu.

"Hapana, baba mudogo," nikasema. "Hii samaki ni yangu. Na zile za papa, ni mimi nilikuwa namuonesha fasi ya kutupa. Donc kane, hii fimbo yake, inabaki kwangu."

Baba mdogo alisubiri dua iishe, akaondoka bila kula, na amesema hatakanyaga tena kwetu. Namheshimu, na mlango anaujua. Mimi pia iliniuma, maana nilikuwa nimekuvua sifa mbele ya waliokuja kukulilia. Yule samaki alipoiva, maman alikitenga kichwa chake, ambacho katika nyumba yetu ulikuwa ukikila wewe peke yako. Alikishika kidogo mkononi, kisha akakiweka kwenye sahani yangu.

Nilikila mbele ya wote, mpaka macho.

Nakulilia kila siku, papa, na sikuombi msamaha. Mungu akulaze pema.

Binti yako,
mvuvi