Aliyeshuka kwenye Ndege ya Kitambaa

Mjukuu wangu Mumo,

Hapa Kathonzweni tu wazima, na mbaazi zimeanza kutoa maua. Nakuandikia huku mtoto wangu wa mwisho ananyonya, kwa hivyo usicheke mwandiko.

Umeniuliza kama ni kweli nyanya yako, dada yangu mkubwa, alimwacha mama yako mgonjwa ndani ya ndege. Ni kweli. Nilikuwepo, nikiwa msichana mdogo.

Mama yako, akiwa bado mtoto, aliumwa na nyoka, mguu ukafura. Ikaja ndege ya misheni, ndogo, mabawa yake kitambaa kilichopakwa rangi. Ukigonga kinalia kama ngoma. Tulipanda sote watatu. Jua lilikuwa kali, na rubani alisema hewa ya moto haibebi vizuri. Tulikimbia uwanja wote bila kuinuka, tukasimama karibu kabisa na miiba.

"Mmoja ashuke," rubani akasema.

Niliinuka mimi. Nyanya akanikalisha. "Wewe ni jani tu. Ukishuka itasaidia nini?"

Mama yako alikuwa ameng'ang'ania leso ya nyanya. Nyanya akaifungua kiunoni, akamwachia.

"Si useme tu nimenona," akamwambia rubani. Kisha kwangu, "Mshike. Asilale."

Tulipojaribu tena, nilimwona mbele yetu akifukuza mbuzi uwanjani kwa mikono miwili. Hakututazama mpaka tukapaa.

Ile leso haijawahi kurudishwa. Muulize mama yako ameiweka wapi.

Nyanya yako mdogo,
Mutheu