Glace ya Delphine

Feza jirani, nakutupia karatasi juu ya lupango, huu ukuta wetu. Njia imejaa basoda bageni ba ONU, hakuna wa kutoka.

Unajua Delphine, muke wa mutoto wangu, na maduka yake matatu ya glace, ile maziwa ya baridi ya kulamba. Élisabethville muzima inapanga mustari. Tukimuuliza kama hii mode ya glace itadumu, anajibu, "Mama, itadumu sawa nchi yetu." Njo maana aliiita Glace ya Katanga, akachora bendera ya Katanga kwenye kila mulango.

Sasa bakubwa ba Katanga banakimbia, Feza, nchi imekwisha. Bendera imebaki. Na banasema mwenye bendera hiyo banamufungia duka.

Basoda baliingia hapa kwetu, katika duka la nyumbani. Delphine alikuwa nyuma ya frigo, na mulango ni ule mumoja, wenye bendera. Mukubwa wao akaonja, akalamba kijiko polepole, akauliza kwa Kiswahili cha kuvunjika, "Hii jina gani?"

Jina gani, Feza. Delphine akapangusa mikono kwenye kitambaa.

"Haina jina, papa. Iko tamu tu."

Mukubwa akaangalia bendera. Akaangalia kikombe. Akacheka, akaita benzake.

Sasa hivi basoda bamejaa mulangoni, Delphine hawezi kufunga wala kutoka. Banapiga vikombe juu ya meza, banaita, "Tamu Tu, mama. Tamu Tu."