Unga wa Mbao Ndani ya Giaboksi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Miezi mitatu na siku tisa tangu nitoke nyumbani Ugenya kuja Eldoret. Mgongo unauma. Mzee Waweru, mwenye gereji, amenunua pikapu kuukuu ya dizeli kwa mkulima wa Burnt Forest ili aiuze. Injini safi. Giaboksi ndiyo inalia kama mtu mwenye pumu. Waweru anasema dizeli ya zamani yenye gia za mkono haifi, inarithiwa tu. Mafundi wote hapa husema hivyo, ndiyo maana hakuna anayebadilisha oili ya giaboksi. Leo nilipoimwaga ilitoka na vumbi la dhahabu. Si dhahabu — ni shaba ya ndani, inasagika. Nikamwonyesha kwenye kidole. Akasema, panguza kidole.

Jumanne, 4 Machi

Nimetumwa kwa seremala jirani kuleta unga wa mbao. Nikauchekecha kwa kipande cha neti, nikauchanganya na grisi na oili nzito, nikamimina ndani. Kelele ikaisha! Waweru akacheka: hiyo ni dawa ya kikohozi. Lakini kwenye mteremko wa kwenda mtoni Sosiani, nilipoondoa mguu kwenye mafuta, gia ya tatu ikachomoka yenyewe — pa! Pikapu ikawa frii, ikashuka inavyotaka. Nikamwambia.

"Basi usiipeleke mteremkoni. Nani huuza ng'ombe akionyesha vile anapiga teke?"

Nilicheka pia.

Jumatano, 5 Machi

Mnunuzi amekuja. Mungu wangu — ni Mama Chepkorir! Tunasali kanisa moja. Mjane wa Ainabkoi, hukusanya maziwa ya majirani na kuyaleta mjini. Alikuwa amepanga kuja na fundi wake, lakini aliposikia niko hapa akamwacha. Akanivuta kando, kwenye rundo la magurudumu.

"Ndugu Cyril, mimi najua ng'ombe. Chuma sijui. Isikilize kwa niaba yangu."

Barabara ya majaribio nilichagua mimi. Kapseret, tambarare kama meza. Aliendesha vizuri kuliko Waweru. Akauliza, na giaboksi je? Nikasema, Mama, hii itaona wajukuu wako wakioa. Akafurahi. Kabla ya kuondoka aliweka mkono juu ya boneti akaomba. Waweru alivua kofia. Mimi nilisema amina.

Alhamisi, 6 Machi

Waweru amenipeleka kula nyama choma. Ilikuwa tamu. Hilo ndilo linaniumiza.

Jumapili, 9 Machi

Wakati wa ushuhuda Mama Chepkorir akasimama. Akamshukuru Mungu kwa pikapu — na kwa ndugu Cyril aliyeisikiliza. Wakapiga makofi. Niliangalia viatu vyangu. Nje watu watatu wakanishika, nikawasikilizie magari yao! Mmoja akaniita daktari.

Halafu Mama mwenyewe akaja. Jumatano atashuka na viazi mteremko mkali wa Nyaru kwenda bonde la Kerio. Ameambiwa huko viazi vinaisha sokoni kabla ya saa nne.

"Pale kwa mteremko nitumie gia ya tatu, si ndiyo? Breki nisizichoshe."

Nikasema ndiyo. Ndiyo!

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia Waweru kwamba Mama anashuka Nyaru na mzigo, kwa gia hiyohiyo ya tatu. Akasema, si breki ziko? Nikasema breki za gari kama lile, likishuka na mzigo mteremko mrefu namna ile, zitawaka moto. Akasema gari haliui mtu, dereva ndiye huua. Si mtu mbaya. Nilipofika Eldoret bila chochote yeye ndiye alinipa pa kulala. Ndiyo maana ulimi ulikuwa mzito.

Saa sita nikampigia Mama Chepkorir. Akapokea kwa furaha, ng'ombe analia nyuma yake. Nikamuuliza habari za maziwa. Akasema ni mazuri. Nikakata.

Nikampigia Adoyo, mke wangu, nikamweleza yote. Akauliza: unataka nikwambie si kosa lako? Nikasema ndiyo. Akasema, sitasema.

Jumanne, 11 Machi

Nimeomba ruhusa. Waweru akasema ukienda huko kuniharibia jina, usirudi. Nikachukua spana zangu.

Ainabkoi baridi kali. Magunia ya viazi yalikuwa tayari juu ya pikapu, yamefungwa kamba. Mama Chepkorir alikuwa anaosha mitungi ya maziwa. Nikayasema yote nikiwa nimesimama. Shaba. Unga wa mbao. Kapseret.

"Unga wa mbao," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Wa kuchekecha ama hivyo tu?"

"Niliuchekecha."

Akaketi juu ya ndoo. "Kumbe uliifanya kwa uangalifu."

Afadhali angenipiga. Akainuka, akasema nishushe viazi. Nilishusha peke yangu, gunia baada ya gunia, na majirani walioleta maziwa wakisimama uani kutazama. Mmoja akauliza, huyu si yule daktari? Hakuna aliyecheka. Nilipomaliza nikakuta chai na maandazi kwenye kiti. Aliyeweka hakusema karibu.

Jumatano, 12 Machi

Giaboksi iko chini, juu ya magunia. Oili imekuwa uji. Meno ya gia ya tatu yameisha, ni mviringo kama meno ya mzee. Wanaosema hizi hazifi hawajawahi kufungua moja. Ama wamefungua, wakafunga haraka kama mimi.

Maziwa leo yamebebwa kwa boda boda, mengine yakamwagika. Fundi mmoja Burnt Forest ana gia ya tatu ya mtumba. Badala yake anataka spana zangu kubwa, zote. Nitampelekea kesho.

Mama Chepkorir amesema na mimi mara moja tu, jioni, kwa upole. Mambo mawili. Jumapili nisimame pale aliposimama yeye, niseme kwa mdomo wangu. Na siku ya kushuka Nyaru, Jumatatu, niketi kando yake.

"Kama umeitengeneza, utaketi."

Nitaketi. La kanisani ndilo linanitoa jasho — afadhali kubeba giaboksi hii kichwani hadi Kisumu.

Ugenya mvua imeanza na Adoyo alikuwa ananingoja Jumamosi tupande mahindi. Nimempigia, nimemwambia asiningoje, aanze na shamba la chini. Gia ikishika, Jumatatu tutafika Kerio tuuze viazi, turudi juu Ainabkoi. Jumanne nitakuwa njiani. Nimemwambia anitarajie Jumanne jioni.