Kipimo Nilichomwongezea Mama

Shoga, nimeaibika. Niko nje ya hospitali, kurudi ndani siwezi.

Si unawajua wale paka tisa wa mama? Leo nimempeleka kupima sukari, nikamwomba mpimaji kimyakimya aangalie na kile kimelea cha paka. Wanasema panya akikipata haogopi paka tena, na huenda hata mtu kinamfanya awapende kupita kiasi.

Majibu yametoka: anacho! Nikajiona nimeshinda.

Daktari akasema wengi wanacho, na kwa binadamu hayo hayajathibitishwa. Nani amsikilize? Nikamgeukia mama mbele ya wauguzi: "Umeona? Si wewe unayewapenda, ni mdudu!"

Hakukasirika, shoga. Bora angenitukana. Alifunga mkoba wake taratibu, akamuuliza daktari: "Na mdudu wa kumfanya mtoto ampende mama yake, mnaye?"

Alimuuliza daktari! Mimi hata hakunitazama.

Na ni kweli, miezi saba sijakanyaga kwake. Nimekuja leo kwa sababu majirani wamelalamikia harufu.

Sasa hivi amenipita hapa mlangoni. Unajua kaniambia nini? "Asante kwa kunisindikiza." Kama mgeni, shoga. Kama mgeni.