Usiache kusoma kwa sauti

Ngalula, mujukuu wangu,

Huku Likasi tuko muzuri, na mama yako anakusalimia sana. Unaniuliza kama uache kusoma kwa sauti, sababu wenzako wa chumba wanalalamika, na mutihani wa kuingia masomo ya sheria uko karibu.

Kaka yangu naye alisoma vile, akizunguka ndani ya lupango, kiwanja ya nyumba yetu ya Shituru, kitabu mukononi. Jirani yetu, mama Kapinga, alikuwa anamufokea kila siku. Siku kaka alipanda treni kwenda kufanya mutihani Lubumbashi, jioni mama Kapinga alikuja, akasimama ku mulango.

«Leo hakuna mutu wa kusoma?»

Hakuondoka mupaka giza iliingia.

Usiache, mutoto wangu. Toka tu inje. Tangu uliondoka, ni minye ninasimama ku mulango ya chumba yako ya huku, ninangojea sauti yako.

Kambo yako