Picha za Mlangoni kwa Mzee Liang

Rosalie, dada yangu, nimefanya kitu kibaya.

Alfajiri birika lilipopiga mluzi kwa Mzee Liang, yule Mchina ninayemtunza huku mtaa wa Columbia Heights, nikaziona tena zile picha mbili za mlangoni zenye macho makali. Nikasema haya ni mashetani. Nikayabandua, nikayachana kwa jina la Yesu. Nikayachana, Rosalie!

Mzee akaviona vipande. Hakufoka. "Mama, hawa ni majemadari. Katika hadithi yetu ya kale walilinda mlango wa mfalme aliyekosa usingizi kwa kuogopa mizimu. Mfalme akawahurumia kwa kukesha kwao, akaagiza wachorwe, picha zilinde mlango badala yao, ili wakalale. Hizi alizibandika marehemu mke wangu."

Mke wake!

Nililia. Akanimiminia chai yeye mwenyewe.

Nikiaga akasema, "Usiache kuja, Mama. Njoo tena kesho."